Peugeot 504 ya ami: kabureta, AC na foleni ya Likoni

Januari, mwanzoni

Gari ni Peugeot 504 GL, saluni ya 1981, injini ya petroli aina ya XN1, ujazo wa cc 1971, gia nne za mkono. Liliunganishwa hapa hapa Mombasa kama 504 nyingi za Kenya, likauzwa bara, na tangu hapo limeishi Nakuru kwa ami yangu. Ufaransa waliacha kutengeneza saluni hii 1983, lakini 504 ziliendelea kuunganishwa nchini hadi 2004. Ndiyo sababu vipuri bado vinapatikana, ingawa si kila duka tena, na bei hupanda muuzaji akishakuona umekuja na gari lenyewe.

Sasa ami amestaafu, amerudi pwani na gari lake. Bodi nzima, sakafu haijaoza, viti vimeshonwa upya. Aliponikabidhi funguo alisema maneno machache tu: "Mwanangu, likisimama lataka kuzima, na hiyo AC yapuliza upepo wa moto. Angalia utakavyoweza."

Nimeamua kuyachukua haya mawili kama shida moja. Kompresa ya AC, pampu inayoisukuma gesi ya kupoza, ni mzigo unaoning'inia kwenye injini, na mzigo huo huonekana zaidi pale injini inapokuwa na nguvu kidogo kabisa, yaani gari limesimama na mguu hauko kwenye mafuta. Kama mngurumo huo wa chini, wa gari lililosimama, ni mbovu, AC itaua injini. Kama feni haivuti hewa gari likiwa limesimama, AC haitapoza, na juu yake itapandisha joto la injini, nalo joto litaharibu kazi ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ukitengeneza moja ukaacha jingine, kesho unarudi gereji.

Hali niliyoikuta ndiyo ile ya magari mengi ya zamani: fundi mmoja baada ya mwingine amekaza skrubu ya throto (mlango wa hewa wa kabureta) ili gari lisizime. Geji ya mizunguko inasoma 1,300 kwa dakika gari limesimama. Ukizima funguo, injini inaendelea kukohoa na kutikisika sekunde kadhaa kabla ya kukubali kulala. Hiyo ndiyo malipo ya danganya toto: kipepeo, yaani kibati cha mlango huo wa kabureta, kimebaki wazi, injini ina joto, petroli inaendelea kunyonywa, inajiwakia yenyewe bila cheche.

Mpango basi: plagi, poinzi (vigusano vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche) na valvu kwanza. Halafu kabureta, AC ikiwa imezimwa kabisa. Halafu AC peke yake. Mwisho kuviunganisha.

Januari, wikendi iliyofuata

Nafasi za valvu nimezipima injini ikiwa baridi: milimita 0.10 za kuingiza, 0.25 za kutoa moshi. Mbili za kutoa moshi zilikuwa zimekaza. Anayefungua injini hii kwa mara ya kwanza akumbuke kwamba silinda namba moja iko upande wa gia, si upande wa rejeta, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Nimeona waya za plagi zikipangwa kinyume kwa sababu hiyo tu.

Poinzi zilikuwa zimeungua, nimefunga mpya na kondensa yake (hii ni ya umeme, si ile ya AC). Plagi zote nne zilitoka nyeupe kama chokaa. Hiyo nimeiandika pembeni, maana plagi nyeupe inasema petroli haitoshi, na hili ni gari ambalo kila mtu analalamika linakunywa.

Baada ya hapo nimechomeka geji ya vakyumu, yaani ya mvuto wa hewa, kwenye manifoldi, bomba linaloingiza mchanganyiko kwenye injini. Hapa usawa wa bahari injini nzima husoma inchi 17 hadi 20, na sindano hutulia. Yangu ilisoma 14 na kutetemeka. Hewa inaingia mahali isipostahili.

Nimewasha injini, nikapulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo, sehemu moja kila mara, maana penye tundu injini huinyonya dawa na mngurumo hubadilika: gasketi ya manifoldi, kimya; hosi ya sevo (kisaidizi) ya breki, mngurumo ukapanda kidogo; ncha za shafti ya throto, injini ikaruka. (Kopo la kuzimia moto liwe karibu na mkono unapofanya hivi, na usipulizie karibu na waya za plagi.) Hosi ya sevo ilikuwa na ufa kwenye mkunjo, nimekata kipande kipya cha mpira mgumu wa breki. Kuhusu shafti, kabureta lazima itoke.

Januari, mwishoni

Kabureta iko mezani. Ni Solex ya makoo mawili, 32 na 35: koo dogo ndilo linalofanya kazi unapoendesha taratibu, kubwa linafunguka ukikanyaga sana. Ndani kulikuwa na tope jekundu chini ya bakuli la floti (boya linalopima kimo cha petroli), nido ya floti, sindano inayofunga petroli bakuli likijaa, imechimbika mstari kwenye ncha yake, na diafragma ya pampu ya kuongeza petroli imekauka hata ikipindwa inapasuka.

Lakini jambo la siku lilikuwa jeti kuu ya koo dogo, kile kipande chenye tundu linalopima petroli. Namba iliyogongwa kichwani ni 120, na kwa Solex namba hiyo ni kipenyo cha tundu katika mia za milimita, yaani milimita 1.20. Niliielekeza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona ukingo wa tundu una rangi mbili: shaba nje, na ndani yake duara jembamba la kijivu. Solda. Mtu aliziba tundu kwa solda kisha akalitoboa upya. Nilichukua vijiti vya kuchimbia, nikavigeuza nikajaribisha upande wa shina: cha 1.15 kinapita kwa kubana, cha 1.20 hakiingii hata mlangoni.

Nilimpigia ami. Akacheka. "Hiyo ni kazi ya fundi wetu wa Nakuru, zamani sana. Gari lilikuwa likitoa moshi mweusi, yeye akalitibu."

Na alilitibu kweli, kwa akili kabisa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, kila lita ya hewa inayopita kooni ina uzito pungufu kwa asilimia 17 hivi kuliko ya hapa Mombasa. Kabureta haina akili ya kulijua hilo. Yenyewe inapima kasi ya upepo kooni tu, kwa hiyo petroli haipungui sawasawa na hewa, na mchanganyiko unazidi petroli kwa takriban asilimia 9 au 10. Ukilipunguza tundu kutoka 1.20 hadi 1.15, eneo lake linapungua kama asilimia 8. Fundi yule hakuwa na jeti ya 115 mkononi, akaitengeneza. Heshima zake. Lakini jeti iliyofaa Nakuru ikiletwa Mombasa inainyima injini petroli, na hapo plagi zikawa nyeupe, kabureta ikawa inapiga chafya ukikanyaga ghafla, na injini ikawa na joto la ajabu. Na lile la kunywa sana? Dereva wa gari lisilo na nguvu hukanyaga zaidi, koo la pili linafunguka wakati wote.

Nimeagiza jeti mpya ya 120, nido ya floti, diafragma na seti ya gasketi kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Mzigo ulikuja kwa basi la usiku. Jeti ya solda nimeifunga kwenye karatasi na kuiweka kwenye kisanduku cha dashibodi. Ami akipanda tena bara kwa muda mrefu, itahitajika.

Februari, mwanzoni

Mwili wa kabureta nimempelekea fundi wa mashine. Ametanua matundu ya shafti na kuingiza bushi za shaba. Kazi ndogo lakini inataka mkono mtulivu: bushi ikikaa upande hata kidogo, kipepeo kinakwaruza koo na hakifungi. Tumekiangalia kwa kukielekeza kwenye taa. Kikifungwa, mwanga uonekane kama uzi sawasawa pande zote.

Sehemu za kuosha nimezilaza kwenye dawa usiku kucha, kisha nikapuliza kila njia kwa upepo wa kompresa. Sitii waya kwenye jeti hata siku moja. Shaba ni laini, waya unaacha mkwaruzo, na mkwaruzo unabadilisha kipimo.

Kati ya kabureta na manifoldi kuna kipande cha plastiki ngumu nyeusi cha kuzuia joto. Kilikuwa kimepinda, nimekisugua juu ya kioo na msasa mpaka kikawa bapa. Wengi hukitupa na kuweka gasketi ya karatasi peke yake, kisha wanashangaa kwa nini petroli inachemka kwenye bakuli la floti baada ya gari kuzimwa juani. Fundi mmoja jirani alinishauri nifunge pampu ya umeme ya petroli "limalize maneno". Sikufunga. Pampu ya asili ya diafragma inatoa shinikizo dogo, nido ya floti imetengenezwa kwa shinikizo hilo. Ukiweka pampu yenye nguvu bila kidhibiti, petroli inaisukuma nido na kufurika.

Kurekebisha sasa. Skrubu ya kuzuia throto nimeirudisha pale ambapo kipepeo kinakaribia kufunga tu, na sitaigusa tena. Kwenye Solex hii mngurumo wa chini haurekebishwi kwa skrubu hiyo. Kuna skrubu kubwa ya kiasi, inayopitisha hewa na petroli pembeni ya kipepeo, na kuna ndogo ya mchanganyiko. Ndogo nimeikaza taratibu mpaka ikagusa (ukilazimisha unaiharibu ncha), nikaifungua mizunguko miwili, nikawasha na kuendesha gari mpaka Nyali na kurudi ili injini ipate joto lake la kweli.

Halafu ni sikio na geji. Kwa skrubu ya kiasi nimeleta mizunguko kwenye 900. Kwa ile ndogo nimetafuta mahali mngurumo unapopanda juu kabisa na kulainika, nikaifunga kidogo kidogo mpaka mizunguko ikashuka kama 30, hapo nikaacha. Nikairudia kubwa, nikairudia ndogo. Geji ya vakyumu inasoma 19, sindano imetulia. Mizunguko 870. Nimezima funguo: kimya papo hapo.

Ami alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kibarazani. "Ee, hilo sasa languruma kama Pijo," akasema, na akataka aliendeshe saa hiyo hiyo.

Februari, katikati: AC

AC hii haikutoka kiwandani na gari. Ni ya kufungwa baadaye: sanduku la evaporeta (sehemu inayopoza hewa ya ndani) chini ya dashibodi, kondensa ya bomba na mapezi (inayotoa joto la gesi nje) mbele ya rejeta, na kompresa ya Sankyo SD-508, yenye pistoni tano. Kompresa hizo ni ngumu kufa, nazo zilifungwa kwenye kila aina ya gari. Maandishi ya R-12, gesi ya AC ya zamani, bado yanaonekana kwenye vibandiko, ila ndani, kwa mujibu wa ami, pamewahi kujazwa "gesi ya kisasa" barabarani mara kadhaa. Kila mara baridi inakuja wiki moja au mbili kisha inapotea.

Hilo peke yake ni jibu. AC haili gesi kama injini inavyokula petroli. Ikipungua, imetoka, na kujaza bila kutafuta ilipotokea ni kumwaga maji kwenye gunia.

Nimempata fundi wa AC, mzee mtaratibu mwenye karakana Changamwe. Tumefunga geji kabla ya kuwasha chochote. Siku yenye nyuzi 30, mfumo wenye R-134a, ndiyo hiyo gesi ya kisasa, ya kutosha hutakiwa kusoma karibu psi 97 (psi ni kipimo cha shinikizo) pande zote mbili, wa shinikizo la juu na wa la chini, ukiwa umetulia, kwa kuwa ndilo shinikizo la gesi hiyo katika joto hilo pakiwa bado na kimiminika ndani. Sisi tulisoma 40. Hakuna tone la kimiminika lililobaki.

Tulikusanya kilichobaki kwenye mtungi, tukajaza naitrojeni, tukapaka povu la sabuni. Povu likatumbuka mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye sili ya shafti ya kompresa, nyuma ya klachi ya umeme inayoiunganisha na injini, palipokuwa na tope la mafuta na vumbi tayari. Tope la namna hiyo karibu na kiungo cha AC ni ushahidi hata kabla ya sabuni. Pa pili ni oringi (pete ya mpira ya kuzibia kiungo) ya bomba linaloingia evaporeta, chini ya dashibodi, mahali ambapo mkono wa mtu mzima hauingii bila matusi.

Oringi zile ni nyeusi za zamani. R-12 na mafuta yake ya madini vilizoeana nazo, R-134a ni habari nyingine. Tumebadilisha zote kwa zile za kijani. Sili ya kompresa mpya. Mafuta ya zamani tumeyamwaga, tukapima mapya ya esta mililita 175. Kondensa na evaporeta tumezisukutua mpaka dawa ikatoka safi. Draya (chujio la kukausha gesi) mpya, iliyofunguliwa vifuniko vyake dakika ya mwisho kabisa, maana kazi yake ni kunyonya unyevu, na hewa ya Mombasa ina unyevu wa kuijaza ikiwa mezani.

Kisha pampu ya vakyumu dakika 45. Mafundi wa pembeni mwa barabara hawana muda huu, na ndio muda muhimu kuliko wote. Ndani ya vakyumu maji yanachemka katika joto la kawaida na kutolewa kama mvuke. Maji yakibaki, yanaganda kwenye tundu la valvu ya ekspansheni, inayopitisha gesi kidogo kidogo kwenye evaporeta, na kuziba, AC inapoza dakika kumi kisha inakata, inarudi, inakata. Tulifunga geji na kusubiri nusu saa nyingine. Sindano haikusogea.

Gesi tuliingiza kwa mizani, gramu 650, chini ya kile ambacho R-12 ingechukua. Mzee alinikataza kuangalia kidirisha cha draya. "Kijana wangu, hicho kilikuwa cha R-12. Hii nyingine yaweza kuonyesha mapovu na iko sawa. Ukifuata mapovu, utaijaza mpaka ipasuke."

Barabarani kuelekea Mazeras, kipimajoto kwenye tundu la katikati: nyuzi 9. Nje 32.

Februari, mwishoni

Mjini ni hadithi nyingine. Kwenye foleni ya Makupa, nyuzi 9 zikawa 14, zikawa 19, na sindano ya joto la injini ikaanza kupanda. Mwendo ukirudi, baridi inarudi.

Fundi mwingine aliyekuwa na geji zake aliangalia upande wa juu, akaona psi 310, akasema gesi imezidi tutoe. Nikaomba ndoo ya maji kwanza. Nikamwagia kondensa kwa mbele, injini ikiwa inanguruma. Sindano ilishuka mbele ya macho yetu: 310, 280, 240, ikasimama 215, na upepo ndani ukawa baridi. Maji hayapunguzi gesi. Yamefanya kazi ambayo hewa ilipaswa kuifanya. Kwa R-134a siku yenye nyuzi 32, upande wa juu kuwa kati ya 200 na 225 ni kawaida, kwa hiyo gesi iko sawa na shida ni feni.

Na feni ya 504 ina mambo yake. Haizunguki na puli muda wote. Kuna sumaku ya umeme kwenye puli ya pampu ya maji, na maji yanapofika nyuzi 80 na kitu, swichi ya joto inapeleka umeme, sumaku inaishika feni, feni inazunguka na injini. Maji yakipoa, inaachiwa. Peugeot walikuwa nayo hata kwenye 404, kwa ajili ya kuokoa petroli na kelele. Umeme unafikishwa kwenye sumaku kwa kaboni moja ndogo inayosugua pete inayozunguka. Kaboni yangu ilikuwa imekwisha, imebaki kisiki kisichofikia pete. Feni ilikuwa ikizunguka kwa kusukumwa na upepo tu, na ukiangalia haraka unadhani inafanya kazi. Ncha ya kalamu ya plastiki iliisimamisha.

Kaboni mpya nimeichonga kutoka ya stata ya pikipiki, nikaipunguza kwa msasa mpaka ikateleza bila kukwama kwenye kishikizo chake. Nafasi kati ya sumaku na bamba la feni nimeirekebisha kwa zile skrubu tatu, nikipima kwa filagegi: takriban theluthi ya milimita, sawa kwa skrubu zote. Ikiwa kubwa sumaku haishiki, ikiwa ndogo inasugua. Wapo wanaoifunga feni moja kwa moja kwenye puli wakamaliza kazi. Inapoza, siwalaumu, ila kwenye mwendo wa 100 kelele ni kama umepanda ndege, na petroli inaenda.

Bado kuna jambo moja. Swichi ya feni inasikiliza maji ya injini, haiijui AC. Kondensa inaweza kuwa imechemka na maji bado hayajafika joto la kuishtua. Nimeweka rilei, swichi inayowashwa na umeme wenyewe: klachi ya kompresa ikipata umeme, sumaku ya feni nayo inapata. Swichi ya asili imebaki mahali pake kwa siku ambazo AC imezimwa.

Machi, mwanzoni

Nilipokuwa kwenye waya nimepima volti za klachi ya kompresa: 10.7, wakati betri inasoma 13.6. Klachi inavuta ampea 4 hivi, na njia yake ilikuwa waya mwembamba unaopita swichi ya dashibodi ya miaka arobaini. Kwa volti hizo klachi inateleza, inanuka, inakufa. Rilei nyingine, waya mnene kutoka betri, fyuzi yake. Sasa 13.3.

Hapo ndipo pa kuviunganisha. AC imezimwa, 870. Nikibonyeza swichi, klachi inagonga *tak*, na mizunguko inaporomoka hadi 600, gari linatetemeka kama lenye homa. Halizimi tena, na hiyo ni kazi ya kabureta, lakini halipendezi, na kwa 600 kompresa yenyewe haizunguki vya kutosha kupoza.

Hapa ndipo wengi wanapokaza skrubu ya throto na kurudi tulikotoka. Japani walilimaliza tatizo hili kwenye magari yao ya kabureta: diafragma ndogo inayovutwa na vakyumu, na valvu ya umeme inayofungua vakyumu hiyo AC inapowaka, nayo diafragma inakisukuma kipepeo kidogo tu. AC ikizimwa, inaachia. Nimeitoa kwenye Nissan Sunny iliyokuwa inachinjwa kwa vipuri, pamoja na bomba zake. Kibandiko cha kuishikilia nimekitengeneza kwa bati nene, na waya wake umeungana na ule wa klachi. Diafragma ina skrubu yake ya kurekebishia, kwa hiyo kabureta haiguswi. Nimeiweka ili na AC mizunguko iwe 950.

Sasa ukibonyeza: *tak*, mizunguko inaanguka kidogo, inainuka, inatulia. Feni inanguruma. Upande wa juu 220, wa chini 32.

Machi, kaskazi inaisha

Mtihani niliuweka Likoni, saa tisa alasiri, foleni ya magari imefika juu, jua la kupasua mawe, na ami kiti cha mbele. AC wazi toka mwanzo. Sindano ya joto ilipanda ikafika mahali pake na ikakaa hapo. Ndani nyuzi 13, ambazo kwa kondensa ya kizamani na unyevu huu si haba. Kabla ya kupanda feri tulizima injini, joto lote likiwa chini ya boneti, na baada ya kusubiri iliwaka kwa mguso mmoja bila kukanyaga mafuta. Petroli haikuchemka kwenye bakuli.

Lililojitokeza ni dogo: ami alilowa miguu. Mpira wa kutoa maji ya evaporeta ulikuwa umeziba kwa vumbi la Nakuru, na hapa pwani evaporeta inakamua maji mengi kuliko ilivyowahi kukamua bara. Nimeutoa, nimeupuliza, nimeurudisha ukiwa na mteremko.

Plagi nimezitoa jana kuziangalia. Kahawia nyepesi, zote nne.

Yaliyobaki: kondensa ya kisasa ya njia bapa ikipatikana yenye vipimo vya kuingia mbele ya rejeta bila kukata bodi, kwa sababu nyuzi 13 kwenye foleni naamini zinaweza kuwa 10, mpira wa mlango wa nyuma kushoto, unaoingiza hewa ya moto, na kubadilisha spidi ya pili ya mota ya evaporeta ambayo haifanyi kazi. Ami anataka kwenda Nakuru baada ya Idi kusalimia majirani. Kwa safari ya siku chache jeti ya 120 itabaki. Moshi utakuwa mweusi kidogo akipita Mlolongo, nimeshamwambia asimruhusu mtu yeyote huko kuigusa ile skrubu ya throto.